Relei Saba na Sikio la Bi Mwanakombo

Siku ya kwanza kazini sikupewa chuma cha kulehemu. Fundi Mkuu wa karakana yetu pale Ukunda alinipa bakuli la plastiki lililojaa voliumu zilizokufa, bisibisi nyembamba na kigoda, akaniambia nizifungue zote kisha nimweleze kila moja imekufa kwa nini. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya uhandisi wa umeme. Nilikaa kwenye kigoda nikiwaza kama ule ulikuwa mtihani au dharau, na kama ulikuwa mtihani, jibu lililotakiwa lilikuwa lipi. Alipopita tena kabla ya adhuhuri, bakuli lilikuwa limejaa vilevile.

"Mhandisi," akasema, "hizo hazifunguki kwa kutazamwa."

Ninawaandikia haya ninyi mnaotoka vyuoni baada yangu. Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na watu wenye mvi, na nimejiuliza sana kama nina haki ya kuandika zangu. Lakini Fundi Mkuu amestaafu na macho yake hayamruhusu tena kusoma hata rangi za rezista, vile vijipande vya kuzuia umeme, karakana imekuwa duka la simu, na mimi mwenyewe nimeiacha meza. Nisipoandika sasa nitaanza kusahau nini kilitangulia nini, na katika ufundi, kujua nini kinatangulia nini ndiyo kazi yenyewe.

Voliumu, kwa lugha ya mafundi, ni kile kitufe cha kuongezea na kupunguzia sauti. Ndani yake mna utepe mweusi wa kaboni uliokunjwa kama bangili iliyokatwa, na juu ya utepe huo kijiguu cha shaba huteleza. Kijiguu kikiwa mwanzo wa utepe sauti huwa ndogo, kikienda mwisho huwa kubwa. Utepe ukichubuka, kijiguu hupoteza njia. Spika hukwaruza, sauti hupotea, halafu hurudi ghafla kwa nguvu zote.

Voliumu nyingi katika lile bakuli zilikuwa zimeota ukungu wa kijani. Hizo zilitoka nyumba za pwani kabisa, na kilichoziua ni chumvi ya hewani. Nyingine zilikuwa zinanata. Watu wetu wana imani kubwa na mafuta ya nazi: bawaba ikilia hupakwa, ngozi ikikauka hupakwa, na voliumu ikikwaruza hutiwa tone. Hunyamaza kwa siku chache, kisha mafuta hushika vumbi na vumbi hugeuka msasa. Lakini zilikuwamo ambazo hazikuwa na chumvi wala mafuta, na utepe wake ulikuwa umelika kipande kimoja tu, kutoka chini hadi katikati. Nilimwambia Fundi Mkuu kwamba hizo sizijui.

"Kwenu Kikoneni," akauliza, "adhana ikilia, babako huifanya nini redio?"

"Huipunguza."

"Nanyi si ni Wakristo?"

"Ndiyo, Fundi. Baba alitoka Ukambani. Lakini jirani yetu ni Mwislamu."

"Basi hupunguza mara tano kwa siku, na kila mara huipandisha tena palepale. Hiyo voliumu haikuuawa na chumvi, mwanangu. Imekufa kwa adabu."

Aliligeuza lile neno mdomoni kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi, akarudi mezani kwake. Tangu siku ile nilianza kuelewa kwamba kitu kinachotengenezwa mbali, kwa watu wenye mazoea mengine, hakimjui mtu atakayekitumia.

Nilikuwa nimekaa karakanani zaidi ya mwaka wakati mteja wetu Riziki alipokuja na amplifaya ya mamake imefungwa kwenye leso. Aliamkia, Fundi Mkuu akaitikia, akauliza hali ya mama.

"Mwili haujambo," Riziki akasema. "Sikio ndilo."

Mama huyo ni Bi Mwanakombo, mzaliwa wa Mkwiro aliyeolewa Msambweni. Mumewe, Mzee Shee, alikuwa mpiga udi aliyealikwa harusini kutoka Jego hadi Ukunda, na kwa miaka mingi alikuwa akijirekodi sebuleni mwake kwenye kanda. Alipofariki aliacha sanduku zima la kanda hizo, na Fundi Mkuu ndiye aliyezihamishia kwenye flashi ili zisiharibike. Bi Mwanakombo alikuwa amepoteza sikio la kushoto kabisa. La kulia lilikuwa likififia kidogo kidogo, na daktari alikuwa amemwonya ajiepushe na sauti kali ya ghafla, kwa kuwa hicho kidogo kilichobaki kingeweza kuondoka kwa mara moja. Ili asikie udi wa mumewe, alikuwa akiketi kando ya spika na kuinamisha kichwa hadi sikio likaribie kuigusa.

"Sasa voliumu imeruka akiwa ameinama vile," Riziki akasema. "Alikaa kutwa nzima hasikii ila mlio. Mlio ukaondoka, alhamdulillahi. Lakini ameifunika amplifaya, hataki kuiona. Na mimi namwona anaitazama ile leso."

Fundi Mkuu alizungusha kile kitufe, spika ya mezani ikakwaruza. "Naweza kutia mpya," akasema. "Itakwenda. Lakini siwezi kukuapia kwamba haitaruka, maana mpya za siku hizi zaja zimeshachoka." Kisha akanigeukia. "Mhandisi, huko chuoni hawakuwafundisha njia isiyo na kijiguu?"

Nikasema ipo, ni ya relei. Nilipoyasema maneno hayo nilijua nimejifunga.

Relei ni swichi inayovutwa na sumaku. Ukipitisha umeme kwenye koili yake, yaani waya uliozungushwa, ulimi mdogo wa chuma huhama na kufunga njia. Ukikata umeme, ulimi hurudi. Hakuna kinachoteleza. Huwa imefunga au imefungua, na iliyofunikwa vizuri haiingizi chumvi. Nilimweleza Riziki kwa mfano wa mawe ya mizani, na nyinyi nawapa mfano uleule. Muuza duka hana jiwe la kila uzito. Ana machache, kila moja likiwa mara mbili ya linalolifuata, na kwa kuyachanganya hupima uzito wowote. Nami nilipanga kuwa na relei sita, kila moja ikishika rezista zake kama jiwe la kulemea sauti: ya kwanza huipunguza kwa chembe tu, ya pili mara mbili ya hiyo, hivyo hivyo hadi ya sita, ambayo ni jiwe kubwa. Sahani ikijaa mawe yote, spika hunyamaza. Ukiyaondoa yote, hupiga kwa nguvu zake zote. Katikati zipo daraja sitini na zaidi, na kila daraja ni ileile leo na kesho.

"Tengeneza," Fundi Mkuu akasema. "Lakini hakitoki humu mpaka mimi nimekaa mbele yake."

Kabla sijaanza, karakana ilinipeleka Diani kwa msimu wa wageni, kwenye hoteli iliyohitaji mtu wa vyombo vya sauti. Mkubwa wangu huko alikuwa Msimamizi wa Ufundi, mtu wa bara, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Stoo yake ilikuwa na swichibodi ya zamani ya simu za vyumbani, na ndani yake mlikuwa na relei ndogo safi zilizozibwa kabisa. Nilipomwomba kwa ajili ya redio ya bibi mmoja, alisema, "Beba zote, wasee wa stoo wanataka nafasi." Siku ya pili alinikuta nazipima moja moja kwa mita, nikirudia, akaniita kwa jina langu.

"Mwende, wacha kujistress. Hii ni redio ya shosho, si ndege."

Nikamweleza habari ya sikio. Akavuta kiti. Ndipo akanipa somo ambalo sikulipata darasani. "Usiniambie inafanya nini stima ikiwa iko," akasema, maana kwao umeme ni stima. "Niambie stima ikipotea, inaangukia wapi. Hapo ndipo watu huumia."

Niliporudi Ukunda nilijenga kifaa hicho mezani, rezista na relei nikazipanga kwenye bodi moja. Kitufe cha kuzungusha nilitia kile kinachohesabu tu. Sauti haipiti ndani yake, hivyo hata kikichakaa hakiwezi kukwaruza. Chombo kidogo cha ukubwa wa kidole gumba kilisoma hesabu na kuamuru relei, na kwenye kidirisha cha kifaa ikaonekana namba ya daraja kwa taa nyekundu. Ukikizungusha husikii ila relei zikigonga taratibu, kama mtu anayepanga vikombe kabatini.

Fundi Mkuu alikaa mbele yake kama alivyoahidi, kikombe cha chai mkononi. Tulicheza wimbo mmoja wa Mzee Shee. Sauti ilipanda vizuri, ikashuka vizuri. Adhana ya alasiri ikalia kutoka msikiti wa jirani, nami kwa mazoea nikaipunguza hadi chini. Ilipokwisha nikaanza kuipandisha. Ilipotoka thelathini na moja kuingia thelathini na mbili, spika ilipiga mlipuko mmoja mfupi uliotikisa mabati ya dirisha. Chai ilimwagika kwenye kanzu.

Fundi Mkuu hakunigombeza. Aliweka kikombe chini, akaikung'uta kanzu.

"Hapa pangekuwa na sikio," akasema, "lingekuwa la nani?"

Kosa lenyewe ni hili, na nawaomba mlishike. Kutoka thelathini na moja kwenda thelathini na mbili, lazima uondoe lile jiwe kubwa na mahali pake uweke madogo yote matano. Jiwe kubwa likiinuka kabla madogo hayajatua, ipo nukta moja ambayo sahani ni tupu. Hakuna kinacholemea sauti, nayo huruka yote. Nukta hiyo ni fupi kuliko kupepesa jicho. Nilikuwa nimekijaribu kifaa kwa kukizungusha haraka haraka, na hakikunionyesha. Kilichonionyesha ni kupandisha polepole, kama watu wa huku wanavyopandisha redio baada ya adhana.

Dawa yake ilikuwa relei ya saba, niliyoiita mlinzi. Kabla ya jiwe lolote kuguswa, mlinzi huiziba njia ya sauti. Mawe yakishatua, huifungua. Nikamkumbuka Msimamizi wa Ufundi, nikaipanga ili umeme ukikatika mlinzi aanguke upande wa kuziba. Nilijaribu tena na tena, polepole na haraka, kwenye joto la mchana, nikikata umeme katikati ya wimbo. Hakikuruka.

Hata hivyo sikukitoa. Nilikuwa nikiwaza: relei ni chuma, na chuma huweza kugandana. Je, mlinzi akigandana wazi? Nilifikiria kuweka mlinzi wa pili, kisha nikawaza juu ya mlinzi wa mlinzi. Riziki alipita akanikuta bado napima. Hakulalamika. Alisema tu kwamba mamake sasa humtaka kila mtu amsemeshe upande wa kulia, na wiki ile alikuwa ameuliza kama jogoo wa jirani amekufa, maana hamsikii tena.

Ndipo nikapata njia ya katikati. Niliamuru chombo kisipite thelathini na moja. Chini ya hapo jiwe kubwa haliinuki kamwe, na hata mlinzi akisinzia, sauti haiwezi kuruka kupita daraja hiyo. Nilimwonyesha Fundi Mkuu nikidhani atafurahi.

"Umemjengea nyumba ya vyumba viwili," akasema, "na kimoja umekitia kufuli."

"Ni kwa usalama wake, Fundi."

"Yeye umemwuliza?"

Tulikwenda Msambweni pamoja. Bi Mwanakombo alitupokea ukumbini, mwanamke mrefu aliyeketi wima, akanivuta mkono nikae kulia kwake. Fundi Mkuu alitaka mimi ndiye nieleze, nami nikaeleza yote karibu na sikio lake: mawe, mlinzi, mlipuko wa karakanani, na kufuli. Alisikiliza akitazama midomo yangu.

"Kumbe sauti yaweza kuwekwa mizani," akasema. "Shee angeipenda hiyo. Alikuwa akisema masikio yangu yana wivu." Akagusa kitufe kwa kidole kimoja bila kukizungusha. "Kwa sasa chumba kimoja chanitosha, mjukuu wangu. Nikihitaji cha pili nitakwita. Utakuja?"

"Nitakuja, Bi."

"Usije na maneno mengi kama leo."

Siku ile alikaa kwenye namba kumi na tisa. Aliinama, akafumba macho, na baada ya kitambo akaanza kugonga goti kwa kidole, nyuma kidogo ya udi, kama mtu anayefuata njia anayoijua gizani. Riziki alitoka akaenda jikoni, na hakukuwa na kitu cha kupika.

Baada ya hapo nilikuwa nikipita kila nilipokuwa na kazi upande ule, nikisingizia kuangalia nyaya. Kwa kweli nilikuwa nikiangalia namba. Kifaa kilikuwa imara, hakikukwaruza, na daraja ya kumi na tisa ilibaki kuwa ileile, kwa hivyo namba ilipokuwa ikipanda nilijua kinachobadilika si kifaa. Nilikuta ishirini na mbili. Nikakuta ishirini na sita. Voliumu ya zamani isingenionyesha hilo, maana nayo ilikuwa ikichakaa pamoja na mtu. Hiki kilikaa palepale kikahesabu. Nilijiuliza kama nilikuwa nimemtengenezea mama wa watu kitu cha kumsikilizisha au cha kumpimia, na nilikosa usingizi kwa ajili hiyo. Nilipomwambia Fundi Mkuu, alisema mizani haimwibii mtu, humwonyesha tu.

Mwaka huo Fundi Mkuu alistaafu. Aliniachia meza na vyombo, lakini wateja wa kutengeneza vitu walikuwa wamepungua, nami nikapata kazi ya kutunza mitambo ya pampu za maji vijijini. Nikakubali. Nilikuwa nimeshafunga karibu kila kitu kwenye maboksi wakati Riziki aliponipigia simu.

"Mama asema amefika ukutani," akasema. "Nami nilipomwuliza ukuta gani, akasema wewe wajua."

Hiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho kama fundi wa sauti, na wengi wa watu niliowatumikia wangeiona ndogo, kwa maana ilikuwa ni kubadilisha amri moja tu ndani ya chombo, ile ya kutopita thelathini na moja. Nilikwenda kwanza kwa Fundi Mkuu nyumbani kwake kumwomba ruhusa. Alikuwa ameketi barazani na miwani mizito.

"Ruhusa yangu ya nini?" akauliza. "Kifaa chako, sikio lake."

"Nikisema ni salama nitakuwa nimesema nisichoweza kukithibitisha, Fundi. Nimejaribu kila niwezalo. Hakijaruka. Lakini hakijaruka si sawa na hakitaruka."

"Miaka arubaini sijatoa kitu karakanani nikiwa na hakika zaidi ya hiyo," akasema. "Nenda ukamwambie hivyohivyo. Na umwambie kwa maneno machache."

Nyinyi mnaoanza, hilo ndilo nililolipata katika kazi hii, na sijui kama ni la kufundishwa. Chuoni nilidhani siku moja nitajua vya kutosha ili nisiogope. Mezani niliona kwamba woga una kazi yake: ndio ulionifanya nipime relei moja moja, na bila huo mlinzi asingekuwapo. Ila kazi yake ina mpaka, na mpaka huo ni pale kitu kinapokuwa cha mtu mwingine.

Nilipofika Msambweni, Bi Mwanakombo alikuwa ameshasogeza kiti karibu na spika. Nilifungua kifaa, nikapima mlinzi mara ya mwisho, nikaondoa kufuli, nikakifunika. Kisha nikainama ili mimi ndiye nitangulize sikio mbele ya spika. Alinishika bega akanirudisha nyuma.

"Umeshakijaribu mara ngapi?"

"Nimeacha kuhesabu, Bi."

"Na chaweza kuniumiza?"

"Sijakiona kikiruka tangu nilipokitia mlinzi. Siwezi kuapa kwamba hakitaruka."

"Nisipopanda, nitasikia nini?"

Kwenye kidirisha namba ilikuwa thelathini na moja. Riziki alisimama mlangoni akiwa ameshika ncha ya leso kwa meno. Bi Mwanakombo aliinamisha kichwa, sikio la kulia likakaribia kitambaa cha spika, akakizungusha kitufe.

Relei ziligonga zote karibu kwa pamoja. Yeye hakuzisikia, mimi nilizisikia hadi kwenye meno. Mlinzi aliziba, jiwe kubwa likainuka, madogo yakatua, mlinzi akafungua. Udi ukaendelea pale ulipokuwa, ukiwa na nguvu kidogo zaidi. Ilikuwa thelathini na mbili.

Mzee Shee alikuwa akipiga kipande kirefu kisicho na maneno, chenye kupanda na kushuka, na mkewe alikuwa ameinama bila kutikisika hata nikaogopa kwamba ameumia na hataki kutuambia. Kisha akainua kidole.

"Hapo," akasema.

Riziki akamsogelea upande wa kulia. "Hapo pana nini, mama?"

"Hapo amekosea. Uzi wa tatu. Nilimwambia siku ile ile, na kila harusi nilimwambia, naye akabisha hadi anaingia kaburini." Uso wake ulikuwa umelowa, na hakuupangusa. "Mrudishie nyuma, Riziki."

Riziki akarudisha wimbo nyuma. Bi Mwanakombo akakizungusha kitufe daraja moja tena, bila kunitazama, apate kulisikia kosa hilo vizuri.